Drafti ya Simu ya Upepo

Zamani, kabla simu haijahamia mfukoni ikakaa pamoja na ugoro, Mbeya na Iringa walizungumza kwa zamu. Mmoja akisema, mwenzake ananyamaza mpaka asikie neno "ova". Hapo ndipo naye anaruhusiwa kufungua mdomo. Ndoa ngapi zingepona kama watu wangefungishwa kwa utaratibu huo!

Chombo chenyewe kiliitwa simu ya upepo. Kilikuwa sanduku la bati lenye vifungo na waya mrefu uliopanda juu ya paa, kikikoroma kama mzee mwenye kifua, na makazi yake yalikuwa ofisi ya mabasi pale Iyunga, kando ya barabara kuu. Kampuni hiyo watu waliiita Mabasi ya Bluu, ingawa ukiyaona yanarudi kutoka Chimala wakati wa masika ungeapa ni ya kahawia. Aliyeisemea simu hiyo, miaka ile Wachina wakimalizia reli yao, alikuwa Leokadia, binti wa mzee Budeba. Wazazi wake walikuwa wamehama Usukuma na ng'ombe wao wakashukia nyanda za Usangu, upande wa Madibira. Yeye alibaki mjini kwa sababu alikuwa na darasa la saba, sauti kavu isiyokatika hewani, na uso usioogopa mabosi.

Kila siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, Iringa iliita. "Mbeya, Mbeya, Iringa anaita. Ova." Zikafuata taarifa: basi gani limetoka, lipi limelala Makambako, Mafinga mvua inanyeshaje, abiria gani amesahau kuku chini ya kiti. Taarifa zilikuwa fupi. Baada ya hapo hewa ilibaki tupu kitambo, mpaka robo ya saa itimie na sauti nzito ya makao makuu kutoka Dar es Salaam iingie na kuwafukuza wote. Mwanya ule haukutosha hata kuchemsha maharage. Lakini ulitosha drafti.

Upande wa Iringa alikaa karani aitwaye Zubery, Mzaramo aliyezaliwa palepale Iringa, ambaye Uzaramo wake ulikuwa umebaki kwenye ulimi tu. Na kila mtu wa zamani anajua kwamba Mzaramo na Msukuma ni watani. Tangu siku ya kwanza walipojuana makabila hawakuwahi kuitana kwa jina. Ilikuwa "mtani" tu, na matusi ya halali yakifuata nyuma kama mkia.

Kila mmoja alikuwa na ubao wake wa boksi la sabuni, umechorwa kwa mkaa, kila nyumba nyeusi imepewa namba. Vizibo vya soda vya Leokadia vililala chali, vya Zubery kifudifudi. Mmoja akitaja namba mbili, kete inatoka na inakwenda, wote wawili wanaisogeza, mmoja Mbeya na mwingine Iringa, ubao uleule katika miji miwili. Sheria zao zilikuwa chache. Kula ni lazima. Anayechelewa anahesabiwa mpaka tano, na tano ikifika amekwisha. Na Dar akiingia, mwenye kete nyingi ndiye ameshinda, hakuna rufaa.

Sasa Leokadia, ukimpa drafti na mchana mzima, alikuwa mchezaji. Alifundishwa na fundi Anania wa gereji ya kampuni, mtu ambaye aliweza kula chakula cha mchana, akaosha mikono, akafungua gia boksi la lori, akalirudisha, ndipo asogeze kete moja. "Drafti ni kufikiri, binti," Anania alimwambia. "Ukisogeza kete bila kufikiri, ni sawa na kufunga breki bila kuangalia." Leokadia akafikiri. Na kila alipofikiri, Iringa ikahesabu.

"Mbeya, umelala? Ova."

"Nafikiri. Ova."

"Msukuma anafikiri! Jamani, njooni msikie, huku kuna Msukuma anafikiri!" Vicheko vya makondakta wa Iringa vilivuma ndani ya bati. "Moja. Mbili. Mtani, ng'ombe akifika mtoni hafikiri, anavuka. Tatu."

"Na Mzaramo akisikia ngoma hafikiri, anauza shamba. Ishirini na mbili kwenda kumi na saba. Ova."

"Asante kwa chakula. Nakula. Ova."

Ndivyo ilivyokuwa jioni hadi jioni. Bwana Ambrosi, meneja wa Mbeya, alijua yote, lakini saa ile alikuwa na desturi ya kwenda kukagua matairi, hata siku ambazo hapakuwa na basi lenye matairi uani. Leokadia hakuwahi kushinda hata mara moja. Hakujali sana. Kushindwa na mtani ni kama kunyeshewa na mvua ya Rungwe, utafanyaje?

Akaja kujali siku mzee Budeba alipopanda basi kwenda Iringa kumwangalia ndugu yake aliyelazwa hospitali.

Mzee alisafiri na kigoda chake. Kigoda hicho cha miguu mitatu, cheusi kwa umri na kwa makalio ya watu waliokwisha kufa, kilitoka Usukuma kikiwa juu ya kichwa chake mwenyewe, siyo kwenye lori pamoja na vyombo. Alikwenda nacho Iringa kwa kuwa, alisema, benchi la hospitali halimjui linayembeba. Hilo halikuwa kosa. Kosa alilifanya aliposhuka kwenye ofisi ya mabasi, akasimama katikati ya uwanja, akapaza sauti kwa furaha ya mtu aliyenyooka mgongo baada ya safari:

"Hapa kuna Wazaramo, au wote wameshakwenda kwenye ngoma?"

Mtoto yeyote wa wakati ule angemwambia: ukimwita mtani, kwanza shika vitu vyako. Zubery, aliyekwisha kuambiwa hewani kwamba baba wa mtani wake yuko njiani, akatoka ofisini. Akampokea mzee kwa mikono miwili, akamwamkia shikamoo ndefu, akaagiza kahawa, akauliza habari za ng'ombe mmojammoja kama anawafahamu. Mzee akaweka kigoda chini ili apokee kikombe. Alipomaliza kunywa, kigoda kilikuwa juu ya kabati ya ofisi.

"Kimekamatwa," Zubery akasema. "Babu zako walipita kwetu wakibeba pembe, wakakanyaga mihogo. Mihogo hiyo mpaka leo haijasimama."

Mzee Budeba akacheka mpaka akajifuta machozi, maana ndiyo mila: kumkasirikia mtani ni aibu kuliko kunyang'anywa. "Kinakombolewa na nini, mtani?"

"Si una binti pale Mbeya, anafikiri? Akinifunga drafti mara moja tu, kigoda kinapanda basi siku inayofuata. Asiponifunga, mimi nakaa vizuri."

Mzee alicheka njia nzima mpaka Igawa. Hapo akakumbuka, na kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Jumamosi hiyo Leokadia alikwenda nyumbani, akamkuta baba yake amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Alipomwamkia, mzee akahamia kwenye gunia la mpunga. Kabla hajajibu marahaba alikuwa ameshasimama tena.

"Kwani una nini, baba?"

"Sina pa kukaa."

Nyuma yake, mdogo wake Leokadia aitwaye Roza alikuwa anapepeta mchele kwa hasira, pumba zikiruka mpaka kwa jirani. "Muulize vizuri, dada. Wakwe wanakuja kuzungumza mahari. Baba anasema hawapokei mpaka Mzaramo achoke kukaa."

Ikabidi mzee aeleze, akizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba yake alipokea wakwe akiwa ameketi juu ya kigoda kile. Babu yake vilevile. Mzee Nkuba, baba wa kijana Maganga aliyemtaka Roza, alikuwa Msukuma wa kuhama kama wao, mtu wa mila, mwenye macho. "Nikimpokea nimekaa juu ya gunia," mzee alisema, "ataona natoa binti kama debe la mchele. Kama kigoda hakijarudi, waje baada ya mavuno mengine."

"Baada ya mavuno mengine Maganga atakuwa na watoto wawili kwa mwanamke mwingine!" Roza akasema. Ungo ukatua chini.

"Si ukiombe tu, baba? Mimi nitamwambia kwenye simu, ni mtu mwenye huruma."

Mzee akamtazama kama aliyesema tusi. "Mtani haombwi, mayu. Mtani anashindwa." Mayu ndivyo alivyowaita binti zake wote wawili, jina la heshima wanaloitwa akina mama kwao.

Wakwe walikuwa wamepangiwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Leokadia alitazama mikono yake iliyokuwa haijawahi kumfunga Zubery hata siku moja, akaona ndoa ya mdogo wake imening'inia juu ya kabati huko Iringa.

Jioni ile alisimama na baba yake kwenye lango la zizi, ng'ombe wakirudi. Vumbi, kengele, mikia, pembe, ndama wakilia. Mzee alikuwa amempa kundi mgongo, anaongea habari za yule ndugu yake wa hospitali, jinsi anavyolalamika uji. Ng'ombe wa mwisho alipopita, mzee akageuka, akatupa jicho mara moja ndani ya zizi, akasema katikati ya habari ya uji, "Yule mwenye pembe iliyovunjika hajaingia. Na ndama wake."

Wakaenda wakawakuta mtoni, kweli.

"Uliwahesabu saa ngapi?" Leokadia aliuliza.

Mzee akashtuka, akatema mate pembeni. "Nani amehesabu? Ng'ombe hahesabiwi, mayu, ukihesabu unaita fisi. Unaangalia kundi lote kama uso wa mtu. Mtu wako aking'oka jino, unahesabu meno yake ndipo ujue? Unaona pengo tu."

Leokadia hakulala mapema siku ile, na si kwa sababu ya mbu.

Jumatatu alimwendea Evarista, mama aliyeuza chai na maandazi mlangoni pa ofisi, mwanamke wa Tukuyu mwenye kucheka kwa tumbo zima. Akamweleza anachotaka. Evarista akavua kanga ya juu, akaufunika ubao nayo.

"Nafunua, unaangalia, nafunika," alisema. "Halafu unaniambia nani hayupo. Ukikosa unanunua andazi."

Siku za kwanza Evarista aliuza maandazi sana. Kanga ikifunuliwa, Leokadia alianza mbio za kichwa: huyu yuko hapa, huyu yuko pale, huyu akienda kule... na kanga ilishafunika zamani. Fundi Anania alipita akatikisa kichwa. "Mnaharibu mchezo. Huo ni uchawi sasa."

"Uchawi gani, fundi? Wewe kaa na gia boksi lako," Evarista alimjibu. "Haya mwanangu, fumba macho. Fumbua! Nani hayupo?"

Polepole kitu kikageuka. Leokadia akaacha kuona vizibo, akaanza kuona nafasi zilizo kati ya vizibo. Kete isiyo na mwenzake mgongoni ilimkera, kama ndama aliyemtangulia mama yake. Njia iliyo wazi ilimpuliza usoni kama mlango usiofungwa, baridi ya Mbeya ikiwa nje. Hakuuliza tena, akienda hapa nikienda pale. Alitazama uso mzima mara moja, na penye pengo pakamwita penyewe. Alifanya zoezi hilo akikata tiketi, akifunga vifurushi, akitazama abiria waliopanga foleni. "Mama yule pale katikati atatoka," alijisemea, na mama yule akatoka kwenda kununua ndizi.

Hewani mambo yalibadilika bila tangazo. Hakushinda, lakini Zubery aliacha kuita watu waje wasikie. Kisha akaacha kuhesabu, maana hapakuwa na cha kuhesabu: akitaja namba zake, kabla "ova" haijapoa, namba za Mbeya zilikuwa zimeshafika. Jioni moja Dar aliingia wakiwa sawasawa, kete kwa kete. Kabla hawajafukuzwa Zubery aliwahi kuuliza, harakaharaka:

"Mtani, nani anakufundisha? Ova."

"Ng'ombe. Ova."

Na hapo ndipo pakaingia jambo ambalo Leokadia hakulitia kwenye hesabu, kwa kuwa alikuwa ameshaacha kuhesabu. Alianza kumjua mtu. Mchezo ukienda polepole unamjua mwenzako kwa maneno yake, lakini ukienda mbio unamjua kwa pumzi. Alijua Zubery akitega mtego anakohoa kidogo kwanza, kama mgeni anayebisha hodi. Alijua akiwa na furaha kizibo chake kinalia "tak!" juu ya ubao, na akiwa na mawazo kinateleza tu. Kuna siku alicheza bila utani wowote, kete zikiteleza mwanzo mpaka mwisho, na Leokadia naye akacheza bila utani, bila kuuliza kuna nini. Kesho yake Zubery alisema, "Asante kwa jana, mtani. Ova," kisha akawatukana ng'ombe wa mtani wake kama kawaida.

Akaanza kuulizia sura, kwa njia za panya.

"Baba, huyo Zubery ulimwona. Anafananaje?"

Mzee alifikiri sana. "Ana meno."

Akamgeukia Jailos, kondakta aliyelala Iringa kila siku ya pili na kula meza moja na Zubery. "Jailos kaka yangu, yule karani wa Iringa ni mtu wa namna gani?"

"Mtu tu," Jailos akasema, anahesabu mizigo. "Ana masikio makubwa kidogo. Kwani vipi?"

"Nataka kujua kama kigoda kitamtosha."

Evarista, aliyesikia yote kutoka kwenye sufuria ya chai, alicheka mpaka kifuniko kikaanguka.

Ikaingia wiki ya wakwe. Jumatatu asubuhi Leokadia aliamka akijua kitu ambacho hakumwambia mtu: sasa anaweza kumfunga. Si kwa bahati. Alijua kama unavyojua wali umeiva kabla ya kufunua chungu. Na kwa kuwa alijua, akaanza kupanga vibaya. Kigoda kikipanda basi Ijumaa kitafika nyumbani kwa wakati. Kwa hiyo si lazima kushinda leo. Ashinde Alhamisi. Leo, kesho na keshokutwa acheze tu, amzungushe, amwache apumue. Maana kigoda kikisharudi, hewani kutabaki nini? Mvua ya Mafinga, basi bovu la Makambako, na kuku wa abiria. Alijua anacheza na ndoa ya Roza. Siku tatu tu, alijiambia, siku tatu za mtu mzima anayejua anachofanya. Wote wanaozama mtoni walikuwa wanajua kuogelea.

Saa kumi na moja Iringa ikaita. Taarifa zikapita mbio, hata kuku hakutajwa. Ubao ukawekwa.

Walicheza kama watu wanaopokezana moto mkononi. Namba, ova. Namba, ova. Zubery alikuwa moto siku hiyo, kizibo kinalia tak, tak, na Leokadia alimzunguka kwa raha, akifunga hapa, akifungua pale, bila kuua. Evarista alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, amesahau kummiminia mteja. Kisha Zubery akakohoa kidogo, akasogeza kete yake ya ubavuni.

Leokadia akaliona pengo.

Lilikuwa wazi kama jino lililong'oka. Alipaswa kusogeza kete ya pembeni, kete isiyo na dhambi yoyote, mchezo uendelee mpaka Dar aingie na kuwaacha sawa. Hiyo ndiyo namba aliyoichagua. Lakini mdomo uliokwisha kufundishwa mbio haumsubiri mwenye mdomo.

"Kumi na nane kwenda kumi na nne," akajisikia anasema. "Ova."

Sanduku likakoroma peke yake. Pale kumi na nne alikuwa ametoa kete ya bure, na kula ni lazima. Zubery akila anatua kumi na nane, na nyuma yake mlango uko wazi, Leokadia anaingia anakula mbili na kukaribia kuwa kingi, kete inayokula mbele na nyuma. Mtu wa Iringa aliona. Alikuwa mwepesi mno kutokuona.

"Mbeya," Zubery akasema taratibu, "hewa mbaya leo. Sijakusikia vizuri. Rudia namba zako. Ova."

Hewa ilikuwa safi kama maji ya Mlowo. Leokadia alijua, na alijua kwamba yeye kule Iringa anajua. Alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea. Angetaja namba nyingine tu, ile ya pembeni, na hakuna duniani ambaye angesema aliikosea ya kwanza. Siku tatu zingebaki. Pengine zaidi ya tatu. Mtu aliyeomba arudie, alikuwa anaomba kigoda kibaki, au alikuwa anaomba kitu kingine kibaki? Kidole kilikaa juu ya kifungo. Akamwona Roza na ungo wake, pumba zikiruka. Akamwona baba yake anazunguka uani, hana pa kukaa.

"Nani hayupo?" Evarista alinong'ona mlangoni, haelewi kitu, amezoea tu kuuliza.

Leokadia akabonyeza.

"Umenisikia, mtani. Kumi na nane kwenda kumi na nne. Kula. Ova."

Kizibo cha Iringa kikalia juu ya ubao, si tak, si kuteleza. Kikalia kama mtu anayeweka kitu chini kwa adabu. "Nimekula. Ova."

"Nakula mbili. Ova."

Sauti nzito ya Dar es Salaam ikaingia juu yao kama lori. "Iringa, Mbeya, Tukuyu, Njombe, nyamazeni. Makao makuu hapa." Wakanyamaza. Evarista akapiga kigelegele uani mpaka Bwana Ambrosi akatoka nyuma ya tairi aliyokuwa anaikagua na kuuliza nani amejifungua.

Jumanne jioni basi la bluu, la kahawia, lilisimama Iyunga. Kigoda hakikuwa juu pamoja na magunia na vitanda. Kilikuwa kwenye kiti cha dirishani, kimekaa peke yake kama bwana shamba. Jailos alikishusha kwa mikono miwili.

"Amekikatia tiketi," alisema. "Niliuza kiti kwa kigoda! Abiria mmoja amesimama kutoka Mafinga mpaka hapa, amenitukana mimi na ukoo wangu."

"Hakusema kitu?" Leokadia akauliza.

"Alisema nikuambie kinauma makalio."

Siku ya wakwe mzee Budeba aliketi. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona mtu akiketi namna ile. Alishuka polepole, akatua, akatulia, akanyoosha fimbo mbele yake, na mzee Nkuba alipoanza kutaja ng'ombe wa mahari kwa kusitasita, baba yake Roza alitazama mbali tu kama asiyesikia, mpaka Nkuba akaongeza mwenyewe bila kuombwa. Roza, jikoni, alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga asicheke. Walikubaliana kabla jua halijainama. Mzee alipoinuka kuwasindikiza wakwe, alikishika kigoda kwa mkono wa kushoto, akaenda nacho mpaka njia panda.

Kabla wageni hawajaondoka, Leokadia alikuwa anasonga ugali wao. Kivuli cha ghala kilipofika kwenye jiwe la kusagia, ndiyo saa kumi na moja, dole gumba lake lilijikuta linabonyeza mwiko, na midomo yake inasogea.

"Unaongea na nani, dada?" Roza aliuliza.

"Na ugali."

"Unakujibu?"

"Bado hajasema ova."

Roza alimtazama dada yake kwa muda, akaona kitu, akaamua, kwa kuwa alikuwa na furaha yake mwenyewe, asiseme. Akamsukumia kuni.

Jioni za Jumanne mpaka Ijumaa za wiki ile zilikuwa zimepita kikazi. Iringa ilisoma taarifa zake, mvua, mabasi, kuku, kisha ikafunga kwa "ova na autu" kama karani yeyote wa serikali. Leokadia naye alijibu kikazi. Ubao ulibaki umesimamishwa ukutani nyuma ya debe la maji. Kigoda kilikuwa kimekombolewa, na hapakuwa na cha kushindania. Mtu mzima hawezi kuanza tu kusema, twende, bila sababu, ataonekanaje?

Jumatatu aliyorudi kutoka nyumbani aliwahi kazini kuliko siku zote, na kisingizio hakuwa nacho. Akafagia ofisi iliyokwisha kufagiliwa. Akapanga tiketi. Jua la Mbeya lilikuwa bado juu, baridi haijashuka, Evarista hajaweka hata birika la jioni, na Bwana Ambrosi alikuwa bado yuko kwenye meza yake, hajakumbuka matairi. Saa kumi na moja ilikuwa mbali. Ndipo sanduku likakoroma.

"Mbeya, Mbeya, Iringa anaita. Ova."

Bwana Ambrosi akainua macho. Leokadia akasogeza kiti, akabonyeza kwa sauti yake kavu ya kazi.

"Iringa, nakusikia. Saa bado. Kuna taarifa gani? Ova."

Hewani pakapita upepo mrefu wa Makambako.

"Hakuna taarifa," Zubery akasema. "Ova."

Bwana Ambrosi aliinuka, akavaa kofia yake taratibu, akatoka kwenda kukagua matairi.